Maisha ya Borodin, na Kiapo Nilichokula

Bethwel arap Ng'eno,
S.L.P. 41,
Sosiot.

Jumapili, 11 Mei 2025

Mpendwa binti yetu Chepchirchir,

Chamgei! Nakusalimu kutoka huku kwenye mvua. Gaborone mmeamkaje? Kijana wako Kiplimo, goti lake limepona au bado anachechemea uwanjani? Na kifua chako, kile kilichokusumbua wakati wa vumbi, kimetulia? Nataka majibu ya haya kabla ya jambo lingine lolote, maana ukishaimaliza barua hii huenda usitake kunijibu tena.

Mimi nipo. Daktari anasema moyo umechoka. Miguu imevimba hadi viatu vimeikataa, kwa hiyo navaa malapa, mimi niliyewarudisha wanafunzi nyumbani kwa kuja darasani na malapa. Usingizi naupata nikiwa nimeketi. Sikuandikii haya ili unionee huruma. Nataka ujue kwamba muda ni mfupi na akili bado ni nzima. Hilo la akili ulitie maanani, kwa sababu wako watu hapa watakaosema vingine.

Mvua ni nzuri. Majani yanachipuka kuliko mikono ya kuyachuma. Nyambeki, yule mama wa Kisii anayechuma katika shamba la mama yako, anasema kikapu kinajaa kabla hajafika katikati ya mstari. Sina hakika kama anasema kweli au anatafuta kuongezewa, lakini majani nayaona mwenyewe kutoka dirishani.

Barua yako ilifika Jumanne. Bahasha ilikuwa imefunguka pembeni, na gundi yake imekunjamana kama iliyolambwa mara ya pili. Aliyeileta kutoka posta ni mwanangu Weldon. Nilimuuliza nani ameifungua. Akacheka, akasema, "Baba, siku za makachero ziliisha." Mimi sikucheka. Niliporudi kutoka Leningrad mwaka wa 1969 na digrii yangu ya kemia, makachero walizisoma barua zangu kwa miaka saba, na walikuwa wakizibandika vizuri kuliko hii.

Ndiyo maana nakuandikia kwa mkono wala sikupigii. Simu niliyo nayo alininunulia Weldon, laini ni ya jina lake, na sijui inasikia nini ikiwa mezani. Nikitaka kufikiri naifungia ndani ya kopo la majani ya chai.

Sasa ombi lako. Unasema wanafunzi wako watacheza muziki wa Borodin mwezi wa Julai, nawe unataka kurasa mbili tatu za maisha yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyekufundisha jina hilo. Ni kweli. Ulikuwa na miaka saba, umeketi sakafuni karibu na gramafoni yangu, umeegemeza sikio kwenye ubao wake kama daktari anayesikiliza kifua cha mtu. Ukiondoka, sakafu ilibaki na alama ya matope ya miguu miwili, na mke wangu alinitazama mimi badala ya kuitazama sakafu.

Lakini ombi hilo limeninyima raha. Warusi waliotunga muziki ni wengi, na wako ambao watoto huwapenda zaidi ya huyu. Kwa nini umtake yeye? Kwa nini mwaka huu? Na kwa nini uandike, kwa maneno yako mwenyewe, kwamba unataka "hasa habari za utoto wake na wazazi wake"? Nimekaa na maneno hayo siku tano. Nikiyatazama upande huu ni ombi la mwalimu. Nikiyatazama upande ule ni samansi ya mahakama.

Kama ni mtego, naingia kwa miguu yangu mwenyewe. Andika basi.

Alexander Borodin alizaliwa mjini St. Petersburg mwaka wa 1833. Baba yake alikuwa mwanamfalme wa asili ya Georgia, Luka Gedianov, mzee wa zaidi ya miaka sitini, mwenye mke wa ndoa kwingine. Mama yake, Avdotya, alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, binti wa askari. Mtoto hakuweza kuandikwa kwa jina la baba. Humo nyumbani kulikuwa na mtumishi aliyeitwa Porfiry Borodin, mtu aliyemilikiwa na bwana wake kama ng'ombe wanavyomilikiwa. Mtoto akaandikwa kuwa wa Porfiry. Kwa hiyo jina utakalolichapisha kwenye programu yako ni la mtumishi, na kwa sheria ya nchi ile mtoto naye akawa mali ya baba yake mzazi. Mama yake alimlea mwenyewe, kwa mapenzi mengi, lakini alimzoeza kumwita shangazi.

Alipofika kama miaka saba, yule mzee, siku zake zikielekea ukingoni, alitia sahihi karatasi ya kumweka huru. Hapa wasomee wanafunzi polepole. Karatasi moja ilimfanya kuwa mtumwa na karatasi nyingine ikamfanya kuwa mtu, ilhali mtoto ni yule yule, na usiku wa kuamkia siku ile alilala kitanda kile kile.

Muziki aliupenda mapema. Alitunga ngoma ya polka akiwa na miaka tisa. Alijifundisha mwenyewe kupiga ile fidla kubwa inayoshikwa kati ya magoti. Lakini kazi yake ilikuwa nyingine: alisomea udaktari, kisha akawa profesa wa kemia. Sisi wa kemia tulimjua kwa kazi yake juu ya aldehaidi kabla hatujajua kwamba alitunga hata wimbo mmoja. Alisaidia kuanzisha masomo ya udaktari kwa wanawake wakati wengi walidhani hilo ni kichekesho. Muziki aliutunga Jumapili na siku za ugonjwa, hata marafiki zake wakawa wanamwombea mafua.

Nyumba yake ungeipenda. Ilikuwa ndani ya chuo, karibu na maabara, na haikuwa na mpangilio wowote. Chai ilinywewa saa zote. Paka walitembea juu ya meza ya chakula. Ndugu kutoka mbali walikuja bila taarifa wakalala kwenye makochi, naye profesa akashindwa kugusa piano yake asije akamwamsha mgeni. Nyumba ya namna hiyo nimeiona hapa Belgut mara nyingi, ila bila piano. Muziki aliuandika kwa penseli, na ili penseli isifutike alizipaka karatasi gelatini na kuzitundika kwenye kamba kama nguo zilizofuliwa.

Opera yake moja aliiandika kwa miaka kumi na minane bila kuimaliza. Februari ya 1887, kwenye sherehe ya dansi ya chuo, akiwa amevaa nguo za kienyeji za Kirusi na akizungumza na watu, alianguka akafa. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Wenzake wawili waliziokota karatasi zile, wakaketi, wakaimalizia opera, na juu yake wakaliacha jina lake. Kaburi lake nimeliona kwa macho yangu. Limepambwa kwa noti za muziki na fomula za kemia, na siku niliyokwenda theluji ilikuwa imefunika nusu ya fomula, nami nikaifuta kwa glavu ili nihakikishe kwamba hawakukosea.

Hizo ndizo kurasa ulizoomba. Zikate hapa kwa makasi. Yanayofuata ni yako peke yako.

Tarehe sita Machi mwaka huu nilitia sahihi hati ya kiapo. Ni katika kesi iliyoko mahakamani Kericho baina ya Weldon na mama yako juu ya zile ekari nne za chai, kesi ambayo bila shaka unaijua na ndiyo iliyokufanya uniulize habari za Mrusi. Hati inasema kwamba mama yako, Chelimo, aliletwa kwa Kogo Chepkosgei mwaka wa 1974 kama mtumishi wa nyumbani, wa kukama ng'ombe na kuteka maji. Inasema kwamba hakukuwa na harusi. Chini yake kuna jina langu.

Ni uongo, na wewe unajua kuwa ni uongo. Hata hivyo naueleza, kwa sababu huenda karatasi hii ikasomwa siku moja na mtu asiyezijua desturi zetu. Kogo alikuwa mke wa marehemu kaka yangu mkubwa, aliyekufa bila kuacha mtoto. Kwetu Wakipsigis nyumba haiachwi izimike. Mwanamke wa namna hiyo huoa mwanamke mwenzake. Hulipa ng'ombe wa mahari kama mume yeyote, naye huwa mume kweli. Watoto watakaozaliwa ni wake, na ardhi ya nyumba ni yao.

Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyetumwa kukata majani ya segutiet ya harusi. Nilimwona Kogo akimfunga mama yako majani hayo mkononi, na mama yako akimfunga Kogo. Ng'ombe sita walikuwa wamekwisha kufika kwa kina mama yako, Silibwet. Waliohudhuria siku ile wote wamekufa, isipokuwa mama yako na mimi. Weldon alilijua hilo alipokuja na kalamu.

Sitakuambia kwamba sikuisoma hati. Niliisoma mara mbili. Neno mtumishi lilikuwa katika mstari wa nne.

Kuna jambo lingine, ambalo nadhani umelinusa miaka yote. Kogo alihitaji mtoto, na majani hayazai. Wazee wa ukoo walichagua mtu wa damu ya marehemu, kimya kimya, kama desturi ilivyotaka. Walinichagua mimi. Hilo si kosa ninaloliungama. Kwa mila halikuwa haramu wala siri. Lilikuwa tu jambo lisilosemwa. Wewe ulikuwa wa Kogo kabla hujazaliwa, nami nilifurahi kuitwa baba mdogo.

Hapana, hicho nacho ni kiapo cha uongo. Sikufurahi. Ulipokuwa ukisikiliza gramafoni nilikuwa nikiyatazama masikio yako. Ni ya mama yangu.

Sasa utauliza, mtu wa namna hiyo anawezaje kutia sahihi? Jibu ni kwamba nilikushuku wewe.

Mwezi wa Januari alikuja mtu na utepe wa kupimia na simu ya kupiga picha. Alipima kutoka kwa mama yako hadi kwenye ua wangu, akapigilia vigingi vitatu vyenye rangi nyekundu. Weldon akaniambia umeuza. Akasema kuna kampuni ya parachichi, kwamba chai itang'olewa, na kaburi la Kogo litabaki katikati ya shamba la wageni. Nikamwamini. Kama angeniletea jambo la kemia ningemdai ushahidi wa mwaka mzima. Hili la binti niliyemfundisha kusoma noti nililiamini kati ya chai ya asubuhi na chai ya saa nne.

Baada ya hati, mama yako aliendelea kuniletea mursik kila Jumatano, kama anavyofanya tangu mke wangu alipofariki. Kibuyu kile kile, kimesafishwa vizuri, maziwa yana ule weusi wa mkaa. Hilo ndilo lililonitisha. Mwanamke aliyeitwa mtumishi na bado analeta maziwa, anataka nini? Nilikuwa nikimshukuru, nikingoja amalize kuvuka ua, kisha naimimina kwenye sahani ya mbwa. Nimefanya hivyo kwa miezi miwili. Mbwa amenenepa.

Juzi Ijumaa Nyambeki alimkuta akinywa.

"Mzee," akasema, "huyu mbwa amekuwa mzee wa kijiji lini, hata anapewa mursik?"

Nikamwambia tumbo langu limekataa maziwa.

"Tumbo ama roho? Mama Chepchirchir anakama na vile vidole vyake vimekunjika, halafu wewe unapea mbwa. Unafikiri ameweka nini? Dawa ya kupe?"

Nikaitazama sahani ya mbwa.

"Aki ulifikiria hivyo!" Alicheka hadi akaketi juu ya kikapu chake. "Mzee, kama angetaka kukuua si angekuacha tu? Wewe unakufa pole pole bila kusaidiwa."

Kwa kuwa alikuwa amekwisha kunivua nguo, nikamuuliza pia habari za yule mtu wa utepe. Nikamuuliza kama ni wa kampuni ya parachichi.

"Parachichi gani? Huyo ni fundi wa tangi! Tangi ya maji, lita elfu tano, na mpira wa kuleta maji mpaka hapa mlangoni kwako. Chepchirchir ndiye alituma. Alisema usiambiwe, kwa sababu utakataa. Ati utasema hayo maji yana kitu."

Chepchirchir, nimeishi miaka themanini na minne na sijawahi kujuliwa hivyo.

Basi hilo ndilo ungamo langu. Nyambeki anakwenda kwao Chepilat Ijumaa, na atampa barua hii kaka yake Masese aitume kutoka huko, kwa kuwa hapa Sosiot Weldon anajulikana hadi nyuma ya dirisha la posta. Alhamisi kesi inasikilizwa. Kama nitakuwa hai nitaikana hati. Kama sitakuwa hai, karatasi hii iwe ushahidi, lakini ukurasa wa masikio uuchome. Nitakueleza kwa nini.

Alhamisi jioni, 15 Mei

Bado sijafa, na barua bado iko kwangu, ndani ya lile kopo la chai pamoja na simu. Kuna ya kuongeza.

Jana nilikwenda kwa mama yako. Ni mwendo ambao nilikuwa nikiumaliza kabla kiberiti hakijazima. Safari hii ulichukua karibu saa nzima, Nyambeki akiwa amenishika kwapa, na wachumaji wakisimama kati ya mistari ya chai kunitazama kama maiti iliyoamka. Nilishuku kwamba wote wanajua. Nadhani wote wanajua.

Mama yako alikuwa mlangoni akipembua maharagwe. Hakuinuka.

"Umefuata kibuyu," akasema, "ama umefuata mimi?"

Nikamwambia kuna karatasi nilitia sahihi.

"Najua. Wakili alinisomea. Mtumishi wa kukama ng'ombe." Akatupa jiwe moja dogo nje ya ungo. "Nilikama, ndiyo. Mke gani wa hapa hakami?"

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini aliendelea kuniletea maziwa.

"Nilitaka kuona utakunywa na uso gani."

"Sikunywa."

"Nyambeki aliniambia. Nilihurumia mbwa."

Hakucheka. Nyambeki ndiye aliyecheka, akajifanya anakohoa. Ndipo nikasema lile lililonipeleka, kwamba nakwenda kusahihisha, na kwamba nimekwisha kukuandikia wewe, kwa kuwa umenijulisha kwa njia ya Mrusi kwamba kesi unaijua.

Mama yako aliweka ungo chini. "Chepchirchir hajui kesi yoyote," akasema. "Nilikataza mtu yeyote kumwambia mpaka iishe. Angeacha kazi, angepanda ndege, angekuja kupigana na Weldon hapa barabarani. Mrusi gani huyo?"

Nilitafuta mahali pa kukaa. Kwa hiyo ulikuwa unataka tu kurasa za watoto. Uliuliza habari za wazazi wake kwa sababu wanafunzi hupenda kujua mtu alizaliwa wapi. Nimejiingiza mwenyewe katika mtego ambao hakuna aliyeutega, na nikaufunga nikiwa ndani.

"Usimtumie," mama yako akasema. "Sema kesho kwa mdomo, mbele ya hakimu. Karatasi umezizoea."

Leo nimesema. Mahakama siku hizi inasikiliza watu kwa video, hivyo wakili wa mama yako alituunganisha kwa simu, tukaiegemeza kwenye thamosi sebuleni kwa mama yako. Niliapa kwa Biblia yake. Nikaeleza habari za Kogo, ng'ombe sita, na majani niliyoyakata kwa kisu cha baba yangu. Hakimu, mama mwenye sauti ya upole iliyonitia wasiwasi, aliniuliza kama najua kwamba kula kiapo cha uongo ni kosa la jinai. Nikamjibu kwamba najua, na kama kuna jela isiyo na ngazi niko tayari. Hakucheka, lakini aliandika kwa muda mrefu.

Kisha wakili wa Weldon akainuka. Ni kijana mwenye adabu, na alingoja nikohoe nimalize. Akaniuliza swali moja tu. "Mzee, huyu binti anayeitwa Chepchirchir, je, wewe ndiye baba yake?"

Hapo nikaelewa njia yote aliyokuwa akiikata. Nikisema ndiyo, basi Kogo hakuwa mume wa mtu, mama yako alikuwa tu mwanamke aliyezaa na shemeji ya mwenye nyumba, na wewe ni mtoto wangu wa nje usiye na hata mstari mmoja wa chai ile. Nikisema hapana, nitakuwa nimekukana mbele ya mama yako, kwa kiapo, katika mwezi ambao huenda ni wangu wa mwisho. Weldon alikuwa nyuma yake kwenye kioo cha simu, mdogo kama stempu. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Nataka ujue kwamba nilitamani kusema ndiyo. Nililihisi neno kinywani. Kwa miaka arobaini na tisa hakuna mtu aliyeniuliza swali hilo, na aliyeliuliza hatimaye aliuliza ili akunyang'anye.

Mama yako hakunitazama. Alikuwa ameshika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, pale juu ya kifundo ambapo majani yalifungwa.

Nikasema, "Baba yake ni Chepkosgei, aliyelipa ng'ombe na kufunga segutiet. Mimi ni baba yake mdogo. Muulize mzee yeyote wa Belgut nyumba ile ni ya nani."

Akauliza tena kwa njia nyingine, na tena kwa njia ya tatu. Nikarudia maneno yale yale. Sikusema uongo. Kwa mila yetu hilo ndilo jibu, na hakuna jingine. Lakini nilipomaliza mdomo ulikuwa mkavu kama wa mtu aliyesema uongo, na Nyambeki akaniletea maji. Niliyanywa bila kuuliza yametoka wapi.

Hukumu itasomwa Julai. Wakili wa mama yako anaona tuna nafasi nzuri. Mimi mawakili siwaamini, lakini mama yako amepika leo kwa sauti, akigonga sufuria, na hilo naliamini kidogo.

Weldon alikuja jua likiwa bado juu. Alisimama mlangoni bila kuvua kofia. Ni yeye anayeninunulia dawa, ni yeye aliyenibeba mgongoni hadi kwenye gari mwaka jana, usimfikirie kuwa ni mnyama. Akasema, "Nilijua tangu darasa la nane. Mama aliniambia. Ulikuwa ukimchezea yeye santuri, mimi ukiniambia nisizishike, zitakwaruzwa." Halafu akasema dawa za mwezi ujao ninunuliwe na huyo binti yangu, akaenda.

Ni kweli. Miaka yote hii nilimshuku anataka ardhi. Sikuwahi kushuku kwamba alitaka kitu kingine. Naye nitamwandikia kesho, kama mkono utakubali. Ukija nyumbani usipigane naye barabarani.

Mama yako anataka barua hii iungue jikoni kwake. Nyambeki amekwisha kufunga mzigo wake na anaingoja mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje. Nimeipima mkononi. Hukuuliza, hukujua, na ungeweza kuishi vizuri bila kujua. Lakini wewe ni mtu wa miaka arobaini na tisa, na mahakamani nimewajibu watu wote isipokuwa wewe. Ndiyo maana naituma. Ukishausoma ukurasa ule uchome, hukumu isije ikatukuta nao, kisha nijibu au usinijibu.

Nisalimie Kiplimo, mwambie goti hukandwa kwa maji ya moto, si kwa kulitazama kwenye simu. Wasalimie wanafunzi wako na uwaambie wasiharakishe pale polepole. Mama yako anakusalimu bila kujua kwamba nimeandika hivyo. Nyambeki anakusalimu na anauliza tangi linakuja lini.

Mungu aliyekulinda ukiwa mbali aendelee kukulinda, akupe mvua ya kutosha na watu wasiokuwa na mashaka kama mimi.

Anayekupenda, na ambaye mbele ya sheria hana jina lingine la kukupa,

Baba yako mdogo,
Bethwel